Pailoti ya hita inazima ukiachia nobu: ni themokapo kweli? Na unaibadilishaje?

Swali: "Habari fundi. Nina hita ya maji ya gesi, ile ya tanki la kusimama. Pailoti, kale kamoto kadogo ka kuwashia moto mkubwa, inawaka vizuri nikiwa nimebonyeza nobu, nikiachia tu inazima. Nimeshikilia mpaka kidole kinauma, wapi. Jirani anasema themokapo imekufa, mwingine kaniambia nifunge nobu kwa waya ibaki imebonyea mpaka nipate fundi. Nitajuaje kama kweli ni themokapo, na naweza kubadilisha mwenyewe?"

Nzuri ndugu yangu. Naomba nianze na hilo la waya kabla ya kitu kingine chochote, sababu hilo ndo linaweza kuua mtu, mengine yote ni usumbufu wa maji baridi tu. Usiifunge hiyo nobu. Usiifunge kwa waya, usiibane na kijiti, usibandike selotepu, hata kwa usiku mmoja, hata kama kuna mtoto mchanga ndani anataka kuogeshwa, mchemshie maji kwenye sufuria. Ukibonyeza nobu unapitisha gesi kwa nguvu ya kidole chako, ni sawa na kumsukuma mlinzi pembeni ukaacha geti wazi, sasa upepo ukipita ukazima kale kamoto gesi itaendelea kutoka tu na hakuna wa kuizuia. Na kama unatumia gesi ya mtungi ndo mbaya zaidi maana ile ni nzito kuliko hewa, haipandi ikatokea dirishani, inatambaa chini sakafuni inajikusanya kwenye kona mpaka ikutane na cheche. Aliyekupa ushauri huo labda alitaka kusaidia, ila mwambie na yeye asirudie kumwambia mtu mwingine.

Haya, sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, na nataka uelewe hiki kidude kinafanya nini maana ukishaelewa hutahitaji kukariri hatua.

Themokapo ni metali mbili tofauti zilizounganishwa kwenye ncha. Ncha ikipata moto na upande wa pili ukabaki baridi, unazalika umeme kidogo. Jambo hili lilionekana mwaka 1821, aliyeliona ni Thomas Johann Seebeck, na mpaka leo hita yako inaishi kwa hilo hilo, haina betri wala haijachomekwa ukutani, ndo maana hita za namna hii zinapasha maji hata umeme ukikatika. Umeme wenyewe ni mdogo mno, themokapo nzima inatoa kama milivolti 25 mpaka 30 hivi, wakati betri ndogo ya rimoti ina milivolti 1500. Huo umeme unapita kwenye kale kabomba kembamba ka shaba unakokaona kanatoka kwenye moto kwenda kwenye vali ya gesi, na ndani ya vali kuna sumaku ya umeme inayousubiri.

Sasa hapa sikiliza vizuri maana ndo siri yote ilipo. Sumaku hiyo haina nguvu ya kuvuta kitu, ina nguvu ya kushikilia tu. Kidole chako kinapobonyeza nobu kinasogeza kizibo cha gesi mpaka kigusane na sumaku, pailoti inawaka, ncha ya themokapo inapata joto, umeme unafika, sumaku inakishika kizibo, alafu wewe unaachia. Moto ukizima kwa sababu yoyote, ncha inapoa, umeme unaisha, sumaku inaachia, springi inarudisha kizibo mahali pake, unasikia "tik", na gesi yote imekatwa, ya pailoti na ya moto mkubwa pia. Kwa hiyo themokapo ikifa inafia upande wa usalama, inakunyima maji ya moto badala ya kukujazia gesi ndani.

Tukirudi kwako: moto unawaka ukiwa umebonyeza, maana yake gesi inafika. Ukiachia unazima, maana yake sumaku haipati umeme wa kutosha, au inapata ila yenyewe imechoka. Jirani yako amepatia, ila amepatia nusu. Themokapo ndo kitu cha kwanza kila mtu anakilaumu na mara nyingi kweli ndo chenyewe, lakini unakuta mtu ananunua mpya anafunga inafanya kazi muda mfupi alafu ugonjwa unarudi palepale, anakuja juu anasema ameuziwa feki, kumbe ile ya zamani haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye moto unaoipiga. Themokapo haiwezi kutoa zaidi ya ule moto inaoupata. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote angalia moto kwanza.

Washa pailoti, endelea kubonyeza nobu, na uchungulie kwenye kioo au kitundu cha kuangalilia (usiweke uso karibu na mdomo wa hita, kaa pembeni kidogo). Unataka kuona moto wa bluu, umesimama imara, umeikumbatia ncha ya themokapo kama milimita 10 hadi 13 za mwisho. Ukiona moto ni wa njano, unacheza cheza, mlegevu, unagusa ncha kwa mbali au unaipita pembeni, basi hata ukifunga themokapo ya dhahabu haitashika. Njano maana yake moto haupati hewa ya kutosha, mara nyingi ni vumbi, manyoya, utando wa buibui au kutu iliyodondoka kutoka juu ikaziba kitundu cha hewa. Moto mfupi sana ambao hauifikii ncha maana yake nozeli ya pailoti imeziba nusu au presha ya gesi iko chini, na kama ni mtungi angalia kwanza kama gesi haijakaribia kuisha, naomba usicheke, watu wameshafungua hita nzima kumbe mtungi umebakiza harufu tu.

Nozeli ya pailoti tundu lake liko chini ya milimita moja na limepimwa kiwandani. Usilichokonoe kwa sindano wala waya. Ukilipanua kidogo tu moto utabadilika na hutaweza kulirudisha. Lipulize kwa hewa ya kompresa au hewa ya kopo, ikishindikana loweka nozeli kwenye spiriti ikauke kabisa alafu puliza tena.

Na ukiwa hapo chini angalia rangi ya bati kuzunguka mlango wa moto. Ukikuta masizi meusi au rangi imeungua nje ya mlango, simama hapohapo, funga gesi, usiendelee na themokapo wala nini. Hiyo inaonyesha moto unarudi nje badala ya hewa yake kupanda kwenye bomba la moshi, na pale panapotoka masizi ndo panapotoka kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na inamlaza mtu asiamke. Hapo mwite fundi wa gesi mwenye kibali aje aangalie bomba la moshi.

Kama moto uko sawa, kitu cha pili ni nati. Kale kabomba ka shaba kanaingia kwenye vali kwa nati ndogo, na kwa mguso wa milivolti 25 hata uchafu kidogo au nati kulegea nusu mzunguko inatosha kuua umeme wote. Funga gesi, legeza hiyo nati, toa, angalia kile kitako cha mviringo mwishoni. Kikiwa cheusi au kina ukungu wa kijani kisugue taratibu na msasa laini mpaka king'ae, futa na kitambaa kikavu, rudisha. Kaza kwa vidole mpaka igome alafu ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Usiikaze kama nati ya tairi. Ndani kuna kipete kidogo kinachotenganisha katikati na nje, ukikiponda umeme unapiga shoti na unakuwa umeua kitu kizima kwa mkono wako. Na usizungushie tepu ya mabomba kwenye hizo nyuzi, hapo hapapiti gesi, panapita umeme, na tepu inazuia mguso. Nasisitiza hili sababu fundi bomba mzuri tu anaweza kuzungusha tepu kwa mazoea.

Baada ya hapo jaribu tena. Wengine shida inaishia hapa hapa na hawanunui kitu.

Ikigoma, sasa tupime. Ukiwa na multimita (kile kifaa cha kupima umeme), hata ile ya bei ndogo kabisa, hutahitaji kubahatisha. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha milivolti 200. Njia ninayoipenda kwa mtu anayefanya nyumbani ni kuitoa themokapo kabisa nje ya hita (nitakwambia chini jinsi ya kuitoa), unaishika katikati kwa koleo, ncha unaiweka kwenye moto wa jiko la gesi, waya mmoja wa multimita unagusa kile kitako cha mwisho, mwingine unagusa bomba la shaba lenyewe. Ikionyesha alama ya kutoa usijali, umegeuza waya tu. Subiri kama dakika moja. Ikipanda ikafika 25 au zaidi na kutulia, themokapo yako ni nzima, iache. Ikigota chini ya 20 imechoka, hata kama leo itashika kesho haitashika. Ikikaa sifuri imekatika ndani. Na wakati unapima ipindepinde kidogo taratibu hapo katikati, namba zikirukaruka kuna mpasuko ndani, hiyo ndo ile inayoshika asubuhi na kuachia jioni na kumchanganya kila mtu.

Unaweza pia kupima ikiwa bado kwenye hita, unafungua nati ya kwenye vali tu, mtu mmoja anabonyeza nobu pailoti iwake, wewe unapima mwisho wa bomba. Faida yake ni kwamba unapima kwa moto halisi wa hita yako. Kama kwenye jiko inatoa 28 na kwenye hita inatoa 14, umeshapata jibu, tatizo ni pailoti au jinsi ncha ilivyokaa, rudi kwenye nozeli.

Kabla ya kwenda dukani kuna kitu kimoja zaidi, maana hita za tanki za miaka ya karibuni, hasa zile zenye chumba cha moto kilichofungwa na kidirisha cha kioo, nyingi zina swichi ya joto imewekwa kwenye mlango na imeungwa kwenye njia hiyohiyo ya umeme wa themokapo. Chumba kikipata joto kupita kiasi inakata. Ina kakitufe kadogo katikati, kabonyeze, ukisikia "tik" ilikuwa imekata, washa tena pailoti. Ila swichi hiyo haikati bila sababu, mara nyingi ni hewa ya kuingilia chini imeziba vumbi, kwa hiyo safisha wavu wa chini ya tanki kwa brashi na vakyumu kabla hujashangilia. Ikikata tena na tena usiiunganishe moja kwa moja kuikwepa. Ni kosa lilelile la waya kwenye nobu.

Na angalia vizuri una hita ya aina gani. Kama vali yako ina taa ndogo inayowaka na kuzima na waya mbili za rangi zinatoka kwenye moto badala ya bomba la shaba, hiyo si themokapo, ni themopaili, ni kama themokapo nyingi zimefungwa pamoja, inatoa milivolti mia kadhaa na vipimo nilivyokupa hapo juu havihusiki kabisa. Na zile hita ndogo za ukutani zinazowaka kwa betri ukifungua bomba, nyingi hazina pailoti inayowaka muda wote, zinahisi moto kwa kijiti cha chuma, nazo ni habari nyingine.

Sasa kununua. Nenda na ile ya zamani mkononi, ndo njia isiyokosea. Unalinganisha vitu vitatu: urefu, namna ncha inavyoshikwa (kuna za kusukuma mpaka zing'ate na kuna za kufunga kwa nati ndogo), na nyuzi za nati ya upande wa vali. Urefu wa kawaida ni kama sentimita 45, 60, 75 na 90. Ukikosa ile ile chukua ndefu zaidi kuliko fupi, iliyozidi unaizungusha kwa mduara mpana nje ya chumba cha moto, ila fupi ukiivuta ili ifike utaiharibu. Zile za kutumika kwa hita yoyote zinazokuja na vishikizo vya ziada zinafaa kwa hita nyingi za zamani, ila hita zenye chumba kilichofungwa mara nyingi zinataka ya kwao, wakati mwingine inakuja ikiwa imeungana na pailoti nzima, usilazimishe nyingine. Ya jiko usiiweke kwenye hita hata kama nati imeingia, ncha yake na urefu wake vimepangwa kwa moto mwingine.

Kuhusu kama unaweza kubadilisha mwenyewe, mimi nasema mtu makini anaweza, mradi sheria ya unapoishi inaruhusu mwenye nyumba kugusa kifaa cha gesi. Kuna sehemu hairuhusiwi mtu asiye na leseni, na kama ndo hivyo kwako mwite mwenye leseni, mweleze ulichokiona na namba ulizopima, utamwokolea muda. Kama unaruhusiwa ila moyo unasita, pia mwite. Gesi haitaki mtu anayebahatisha.

Ukiamua kufanya, geuza nobu ya hita mpaka kuzima, alafu funga na koki ya gesi inayoleta kwenye hita, zote mbili. Subiri mpaka chumba cha moto kipoe kabisa, kile chuma kinaunguza muda mrefu baada ya moto kuzima. Fungua madirisha. Hakuna haja ya kumwaga maji ya tanki, naona watu wengi wanaogopa hilo, themokapo haigusi maji kabisa.

Piga picha kwa simu kabla hujagusa chochote, jinsi mabomba yanavyopita na upande gani ncha imeelekea. Ondoa kifuniko cha nje na cha ndani. Utaona mabomba matatu yanatoka kwenye vali kushuka kwenye moto, la kubwa ni la gesi ya moto mkubwa, jembamba la alumini ni la gesi ya pailoti, na la shaba jembamba ndo themokapo yako. Kwenye hita nyingine za zamani unaweza kuifikia ncha na kuitoa bila kugusa hayo mawili mengine. Kwenye nyingi za sasa itabidi ufungue nati zote tatu za chini ya vali alafu uvute kichomeo kizima (kile kinachotoa moto mkubwa) kitoke nje na vikorokoro vyake, na hizo zenye mlango uliofungwa zina skrubu mbili na gasiketi, shika taratibu gasiketi isipasuke maana ikipasuka lazima uweke mpya, ndo inayozuia moto usitoke na hewa isiingie pasipotakiwa.

Angalizo la muhimu: baadhi ya watengenezaji wameweka nyuzi za kinyume kwenye nati ya bomba kubwa, na wengine hata kwenye ya themokapo, yaani unafungua kwa kuzungusha upande ambao kawaida ungekaza. Nati ikigoma usiongeze nguvu, jaribu kwanza upande wa pili kidogo, na uangalie kama imeandikwa au ina alama ya mkato pembeni. Na unapolegeza nati yoyote kwenye vali shika vali kwa mkono wa pili isizunguke, vali ikizunguka kwenye tanki inaweza kuvujisha maji na hapo ndo utakuwa umejitafutia kazi ya siku nzima.

Kichomeo kikishatoka umepata nafasi nzuri, itumie. Safisha kwa brashi kavu, toa kutu, puliza nozeli ya pailoti hata kama haikuwa na shida, angalia sehemu ya kuwashia cheche kama kaure yake haina ufa. Ukiacha hivi hivi baada ya kufika mpaka hapa utakuwa umefanya nusu kazi.

Kutoa ya zamani: kama ni ya kung'ata unaivuta kwa nguvu kidogo kwenda nyuma, kama ni ya nati unafungua. Ya mpya unaisukuma mpaka uhisi imeng'ata, au mpaka ikae kimo kilekile cha ya zamani. Hapa ndo pa kutulia ndugu yangu. Ncha ikizidi juu, moto unapiga shingo badala ya ncha na kuzipasha joto sehemu zinazotakiwa kubaki baridi, na kumbuka umeme unatokana na tofauti ya joto, siyo joto peke yake, kwa hiyo ukipasha pande zote mbili unajipunguzia mwenyewe. Ikiwa chini sana moto unaipita juu. Na themokapo itakufa mapema ikikaa ndani mno ya moto mkubwa. Linganisha na picha yako.

Bomba la shaba lipitishe njia ileile ya mwanzo, liinamishe kwa vidole kwa mviringo mpana, usilikunje kona kali. Ndani yake kuna waya uliotengwa na ganda la nje, ukikunja ukaponda ule utengano, waya unagusa ganda na umeme unaishia hapo hapo kabla haujafika kwenye vali. Themokapo mpya nyingi zinazosemwa ni mbovu kutoka dukani zimekunjwa hivi na aliyezifunga.

Rudisha kichomeo, hakikisha kimekaa kwenye mkao wake wa nyuma na hakijalala upande, rudisha mlango na gasiketi, alafu nati zote tatu. Ya bomba kubwa na ya pailoti zikaze vizuri kwa spana kwa sababu hizo zinabeba gesi, ya themokapo ni ile ile niliyosema, vidole mpaka igome na robo mzunguko.

Fungua koki ya gesi ukiwa hujawasha kitu. Nusa, na nusa hasa karibu na sakafu. Paka povu la sabuni kwenye nati ulizogusa, ukiona mapovu yanakua funga na ukaze upya. Usitumie kiberiti kutafuta panapovuja, hata kama umeona mtu anafanya. Nati ya pailoti haina presha mpaka ubonyeze nobu, na ya bomba kubwa haina presha mpaka moto mkubwa uwake, kwa hiyo kile kipimo cha povu utakirudia mara mbili tena huko mbele, wengi wanasahau hapa.

Kuwasha: kama ulikuwa umejaribu kuwasha na ikashindikana, zima na usubiri dakika tano gesi iliyobaki itawanyike kabla ya kujaribu tena. Geuza nobu kwenye pailoti, bonyeza mpaka mwisho, piga cheche. Ikiwa bomba limeingia hewa ulipofungua, itachukua muda gesi kufika, endelea kubonyeza na kupiga cheche kidogo kidogo. Ikiwaka endelea kubonyeza dakika nzima, alafu achia taratibu. Ikibaki inawaka, paka povu nati ya pailoti, ikiwa sawa geuza nobu kwenye kuwaka, kaa pembeni usimame upande, moto mkubwa utashika kwa mlio mdogo wa "fuu". Ukisikia kishindo moto haukushika vizuri, zima uangalie kichomeo na pailoti. Ukiwa unawaka paka povu nati ya bomba kubwa.

Baada ya dakika kadhaa weka kijiti cha ubani au kiberiti kilichozimwa chenye moshi karibu na mdomo wa bomba la moshi juu ya tanki, moshi unatakiwa uvutwe uingie. Ukirudi usoni kwako zima hita, bomba la moshi halivuti, huenda limeziba huko juu. Weka nobu ya joto nyuzi 50 hivi, hadi 60 kama unahitaji, ila ujue kwenye 60 maji yanaunguza ngozi ya mtoto ndani ya sekunde chache tu.

Na usiondoke bila kumjaribu huyo mlinzi mpya. Hita ikiwa imewaka muda na ncha imepata moto, funga koki ya gesi ya kwenye bomba, moto wote utazima, uiache nobu ya hita palepale ilipo na usikilize. Ndani ya dakika moja au pungufu kidogo kwa kawaida utasikia "tik". Hiyo "tik" ndo kizibo kimeachiwa. Baada ya hapo geuza nobu kuzima, subiri dakika tano, fungua koki, washa upya. Ikichukua zaidi ya dakika tatu au usisikie kabisa, usiitumie hita hiyo mpaka fundi aikague, maana vali inakwama wazi. Na ikisema "tik" haraka mno, sekunde chache tu tangu moto uzime, umeme unafika mdogo sana, rudi uangalie ncha ilivyokaa na nati.

Sasa ikitokea umefanya yote, moto ni wa bluu, themokapo mpya inatoa 28 kwenye multimita, nati safi, swichi ya mlango iko sawa, na bado ukiachia inazima? Hapo imebaki vali yenyewe. Sumaku yake imechoka, au kifaa kinachozuia maji yasichemke kupita kiasi, ambacho kiko ndani ya vali na kimeungwa kwenye njia ileile ya umeme, kimekata. Kwenye vali nyingine hicho kinajirudisha maji yakipoa, kwa hiyo fungulia maji ya moto yaishe, subiri tanki lipoe, jaribu tena. Kwenye nyingine kikikata kimekata moja kwa moja na vali yote inabadilishwa. Vali haifunguliwi ikarekebishwa nyumbani, usidanganywe na mtu anayetaka kuichokonoa ndani, inatolewa nzima na kuwekwa nyingine ya hita hiyohiyo na ya gesi hiyohiyo, maana ya mtungi na ya bomba la mtaani presha zake hazifanani. Kazi hiyo inahitaji kumwaga maji ya tanki na kupima presha ya gesi kwa kipimo chake, kwa hiyo hapo mimi nakwambia mwachie mwenye leseni, na umwambie mapema kwamba themokapo umeshaipima ili asianze kukuuzia nyingine.

Anza na moto na nati kama nilivyosema, pima, alafu niandikie umepata milivolti ngapi kwenye jiko na ngapi kwenye hita, na kama unaweza tuma picha ya pailoti ikiwa inawaka.